Eddystone 640 ya valvu: fundi kagusa skrubu za IF, sasa nianzie wapi?

MjukuuWaKarani, Mafinga

Wakuu habari za jioni. Nina redio ya valvu hapa nyumbani, Eddystone 640, kasha la chuma tupu, nzito balaa. Marehemu babu alikuwa karani kwenye mashamba ya chai Mufindi. Mzungu aliyekuwa akiitumia alipoondoka alimwachia. Ndani ya mfuniko kuna kipande cha karatasi chenye namba inayoanza na VQ3, na nimeambiwa hiyo ndiyo iliyokuwa alama ya wapiga redio wa ridhaa wa Tanganyika kabla ya uhuru.

Hali yake ni hii. Inawaka, valvu zote tisa zinapata moto. Spika ina mvumo mzito. Bendi ya chini na ya kati nasikia stesheni kwa mbali, lakini bendi ya juu, kuanzia kama MHz 14 kupanda, kimya kabisa, hata ule mchakacho wa hewani haupo. Ikikaa kidogo sauti inaanza kukwaruza, na valvu ya sauti, 6V6, inachemka kuliko wenzake.

Niliipeleka kwa fundi mmoja. Akasema IF, yaani masafa ya kati ya ndani, ya redio zote za zamani ni kHz 455, akazungusha skrubu za makopo ya IF akiitafuta hiyo 455. Imerudi na sauti ndogo kuliko ilivyokwenda. Siiuzi, na sitaki iwe pambo la sebuleni. Nataka isikie wapiga redio kama ilivyotengenezwa isikie. Nina mita ya kidijitali, pasi ya kuchomea risasi, na muda ninao. Nianze na alaimenti, yaani kupanga upya koili na makopo?

Ukungu_Rungwe, Tukuyu

Pole sana kaka. Huku kwetu mvua na ukungu vinakula swichi ya bendi kuliko kitu kingine, na nadhani Mufindi hamjapishana sana na sisi. Hiyo bendi ya juu iliyokufa, mimi ningeanza na swichi. Tafuta dawa ya kusafishia swichi, tia tone moja moja kwenye vidole vya shaba, usimwagie zile sahani za kahawia maana zinanyonya. Zungusha swichi mara nyingi. Baada ya hapo sikiliza stesheni yoyote na uzungushe skrubu za IF mpaka sauti iwe kubwa kabisa. Mimi redio nyingi nimezirudisha hivyo.

Valvu_Uyole, Mbeya

Mjukuu, salaam kutoka Uyole. Swichi nakubaliana na mwenzangu wa Rungwe kwa asilimia mia. Kuhusu skrubu za IF nakuomba uweke bisibisi chini kwanza.

Eddystone 640 ilitengenezwa na Stratton wa Birmingham, Uingereza, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na ilitengenezwa kwa ajili ya wapiga redio wa ridhaa. Inaanzia MHz 1.7 mpaka kama 31, ndiyo maana stesheni za mediamu wevu huzipati humo. IF yake ni kHz 1600. Siyo 455. Waliipandisha makusudi, kwa sababu redio ya namna hii kila stesheni ina kivuli chake, yaani masafa mengine yanayoingia mahali pamoja nayo, na kivuli hukaa umbali wa mara mbili ya IF. Kwa 455 kivuli kiko kHz 910 tu pembeni, na ukiwa MHz 20 au 28 koili za mbele haziwezi kukizuia. Kwa 1600 kivuli kimesukumwa MHz 3.2 mbali, na huko koili zinakifuta vizuri. Sasa makopo ya 1600 huwezi kuyashusha hadi 455 hata ukeshe. Kwa hiyo nina hakika skrubu zako zimekazwa mpaka mwisho. Hiyo inatibika. Muhimu ni usizikaze tena kwa nguvu.

Ila hiyo ni kazi ya mwisho. Redio yenye kapasita zinazovuja ukiifanyia alaimenti, unaioanisha na ugonjwa wake. Siku utakapobadilisha kapasita, volti zinasogea na kila ulichokipanga kinasogea nacho.

Kwanza usalama. Angalia nyuma, transfoma imefungwa kwenye volti ngapi. Kwa umeme wetu iwe 230 au 240. Kisha iwashe ikipitia balbu ya filamenti ya wati 100 uliyoiunga mfululizo na waya wa moto. Balbu ikimulika kwa nguvu na isififie, zima, kuna shoti. Ukipima ndani, mkono mmoja uwe nyuma ya mgongo. Ukishazima, toa chaji ya kapasita kubwa kwa rizista, kwa maana volti zaidi ya 200 zinaweza kubaki humo hata kama plagi iko mezani.

Sasa 6V6 inayochemka. Geuza chasisi, hesabu pini za soketi kwa chini kuanzia kwenye mfereji, ukifuata mshale wa saa. Pini ya 5 ni gridi, ile inayoongoza mkondo wa valvu. Chomoa 6V6, washa, pima volti za DC kati ya pini 5 na chasisi. Panatakiwa pawe sifuri. Ukikuta volti mbili, tano, kumi, basi kapasita ya karatasi inayoleta sauti kutoka valvu iliyotangulia inavuja. Inaipa gridi chanya, valvu inavuta mkondo kupita kiasi, sauti inakwaruza, na mwishowe inaua transfoma ya spika, ambayo kuipata leo ni shughuli.

Kapasita zote za karatasi, zile za mviringo zenye nta au lami, badilisha. Moja moja, ukitoa moja unaweka moja, usizing'oe zote kwa pamoja. Huna haja ya kwenda Kariakoo. Nenda kwa mafundi pale Mafinga uombe mbao za TV za chogo zilizokufa. Zimejaa kapasita za filamu za volti 400 na 630. Iliyoandikwa 103 ni mikrofaradi 0.01, iliyoandikwa 104 ni 0.1. Hizo hazizeeki kirahisi. Lakini zile za elektroliti za TV usizichukue, zenyewe ni wazee. Za kuondoa mvumo nunua mpya, mikrofaradi 22 au karibu na ile iliyoandikwa, volti 450. Za maika na za udongo usiziguse mpaka zikupe sababu.

Ukiwa humo chunguza EF39 zako, zile valvu za kukuza mawimbi. Kama ni zile zilizopakwa rangi nyekundu ya metali, angalia rangi isiwe inabanduka. Ile siyo urembo, ni ngao, na imeungwa chini kwa waya mwembamba karibu na kitako. Ikibanduka redio inapiga mluzi, na mtu anaweza kuhangaika na IF wiki nzima bure.

MjukuuWaKarani, Mafinga

Shikamoo mzee wangu. Pini ya 5 ilikuwa na volti 9 valvu ikiwa nje! Nimebadilisha za karatasi zote kwa kapasita za TV ya chogo kama ulivyosema, na elektroliti mpya zililetwa na basi kutoka Dar. Mvumo umeisha. 6V6 imetulia, pini ya 8 inasoma volti 12 na kitu, na sauti haikwaruzi tena hata ikilala inaimba. Swichi nimeisafisha. Bendi ya juu imeamka kidogo, inafika kama MHz 17 halafu kimya tena. Je, hiyo sasa ndiyo alaimenti?

Valvu_Uyole, Mbeya

Marahaba. Volti 12 kwenye kathodi ya 6V6 ndipo panapotakiwa, umefanya kazi safi sana.

Bendi inayokufa katikati mara nyingi siyo alaimenti. Koili zikiwa zimepotea, stesheni zinafifia au zinahama mahali kwenye kioo cha namba. Kunyamaza ghafla ni dalili kwamba osileta, sehemu inayozalisha mawimbi ndani ya redio, imeacha kuyazalisha. Kwako osileta imo ndani ya 6K8, na valvu hiyo ikichoka huanza kushindwa masafa ya juu kwanza.

Kulijua hilo huhitaji chombo. Tafuta redio ndogo ya masafa mafupi yenye namba za kidijitali, iweke karibu na Eddystone. Weka mshale wa Eddystone kwenye 14. Osileta iko juu ya stesheni kwa 1.6, kwa hiyo kwenye redio ndogo tafuta karibu na 15.6. Ukifika, mchakacho wa redio ndogo unazimika ghafla, kama mtu kaufunika. Hiyo ndiyo osileta. Sasa panda polepole, Eddystone 15, 16, 17, na redio ndogo ikifuata. Pale utakapoipoteza ndipo osileta inapokata roho. Hakikisha kwanza rizista zinazolisha 6K8. Rizista za kaboni za zama zile hupanda thamani zikikaa. Iliyoandikwa elfu 22 unaikuta elfu 35. Kama rizista ni nzima, badilisha valvu.

Kamwene_Radio, Iringa

Kamweneee! Nimefuatilia uzi huu kwa furaha. Mjukuu, 6K8 ninayo moja imepimwa, nitakupa dereva wa Mafinga akuletee, hailipiwi. Na kwa alaimenti, mimi nina kibodi kidogo, yaani kibao cha saketi, cha Si5351 na Arduino, kinatoa masafa yoyote kuanzia kHz 8 mpaka MHz 160. Kichukue utumie halafu urudishe.

MjukuuWaKarani, Mafinga

Kaka wa Iringa, Mungu akubariki. Rizista mbili zilikuwa zimepanda, nimebadilisha, halafu nikaweka 6K8 yako. Redio ndogo inaisikia osileta mpaka mwisho wa namba zake. Kibodi nimekipokea. Mzee, nielekeze IF.

Valvu_Uyole, Mbeya

Iache iwake nusu saa kwanza, vitu vya ndani vitulie kwa joto. Tafuta bisibisi ya plastiki, au chonga kijiti cha mwanzi kigumu. Bisibisi ya chuma inabadilisha koili ukiigusa na kuirudisha ukiitoa, utadanganyika.

Kwanza rudisha skrubu zote za IF katikati ya mwendo wake. Kisha peleka mawimbi ya kibodi kwenye kofia ya juu ya 6K8 kupitia kapasita ya 0.01. Mita yako iweke kwenye laini ya AVC, ile inayorekebisha nguvu ya redio yenyewe, volti za DC. Na hapa sikiliza vizuri, 640 ina kichujio cha kristali, kinachopitisha masafa membamba tu. Kristali haijali kilichoandikwa kitabuni, ina masafa yake yenyewe, inaweza kuwa 1598 au 1603. Ndiyo mwenye nyumba, koili zote zinamfuata yeye.

Kwa hiyo washa kristali, sogeza kibodi polepole kuanzia 1590 kwenda 1610, kHz moja moja, ukikaribia punguza hatua ziwe za Hz 100. Mita itaruka ghafla sehemu moja nyembamba. Acha kibodi hapohapo, usikisogeze tena. Zima kristali, anza na kopo la mwisho, lililo karibu na kitambuzi cha sauti, panda kurudi nyuma hadi kwenye 6K8. Kila mita inapopanda, punguza nguvu ya mawimbi. Mawimbi yakiwa makubwa AVC inabana na kilele kinakuwa bapa, hutakiona.

Ndugu yangu wa Rungwe, ndiyo sababu nilipinga njia ya kusikiliza stesheni. Sikio litakupeleka kwenye kilele fulani kweli, lakini siyo lazima kiwe cha kristali, na siku ukiwasha kichujio stesheni inapotea.

Baada ya IF ndipo osileta. Juu ya bendi rekebisha trima, kapasita ndogo ya skrubu, chini ya bendi rekebisha kiini cha koili. Kila kimoja kinaharibu kidogo kazi ya mwenzake, kwa hiyo unarudia juu na chini mpaka pasibaki cha kusogeza. Kwenye bendi ya juu trima inaweza kukupa vilele viwili na kimoja ni cha uongo. Jaribu hivi: mshale ukiwa 14, kibodi kwenye 17.2 kisikike kwa unyonge sana. Kama badala yake kivuli kinasikika kwenye 10.8, uko kwenye kilele cha uongo, fungua trima.

Ukungu_Rungwe, Tukuyu

Nimekuelewa mzee. Ninayo nyingine hapa yenye kristali ambayo kila nikiwasha kichujio inanyamaza, kumbe sababu ndiyo hiyo. Naifungua upya.

MjukuuWaKarani, Mafinga

Kristali yangu iko 1601.7. Nimepanga yote. Jana usiku waya wa mita ishirini kutoka dirishani hadi kwenye mkaratusi, MHz 7, watu wamejaa! Ila sauti zao ni kama zimebanwa pua, sielewi neno. Na WWV, stesheni ya saa ya Marekani, nimeipata MHz 10 na 15, imekaa palepale kwenye kioo.

Valvu_Uyole, Mbeya

Nimefurahi sana, kijana. Hao wanatumia SSB, yaani wanarusha upande mmoja tu wa mawimbi, redio ipo sawa. Washa BFO, osileta ya kufanya SSB isikike, zima AVC, punguza nguvu ya RF, yaani ya mawimbi yanayoingia, sauti iongeze. Kisha zungusha kitasa kwa unywele mmoja mmoja mpaka sauti ikae. Chini ya MHz 10 wanatumia upande wa chini, juu yake upande wa juu. Kioo ukihakikishe pia kwenye 7.074 na 14.074, pale FT8, mawasiliano ya kidijitali ya wapiga redio, hailali, utasikia filimbi nyingi zinazopokezana kila sekunde 15.

Vitu viwili kabla hujafunga kasha. Rektifaya ya 6X5, valvu inayogeuza umeme kuwa DC, au EZ35 ambayo ndiyo hiyohiyo, ina tabia ya kupiga shoti kati ya hita na kathodi, na ikifanya hivyo inaunguza transfoma ya umeme. Weka fyuzi ya mA 250 kwenye waya wa katikati wa koili ya volti za juu, kabla haujafika chini. Na msimu wa radi wa huko kwenu unaujua, ukiondoka mezani chomoa waya wa antena na uutupe nje ya dirisha, usiuache umelala karibu na redio.

Kamwene_Radio, Iringa

Na ukitaka siku moja uwajibu hao wa MHz 7, leseni inatolewa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kibodi kaa nacho kwanza, Rungwe naye akikihitaji kitapita Makambako kwenda kwake.