Wazo la kazi yako lilikukuta wapi? Tupeane uzoefu wa matembezi, maumbile na maisha ya kila siku

Mwanzisha mada (mchoraji wa rangi za maji)

Ndugu zangu wachoraji, watunzi, wanamuziki, washonaji na wote mnaoishi kwa kazi za ubunifu, nawasalimu.

Nimeanzisha mada hii kwa sababu ushauri tunaopewa kila mara, kwamba ukiishiwa na mawazo utoke ukatembee, hauelezi kinachotokea kati ya kutoka nyumbani na kurudi na kazi mkononi. Wapo wanaotoka mwishoni mwa wiki, wakapanda kilima, wakaketi kando ya maji, wakapumzika vizuri, kisha wakarudi bila kitu cha kuandika wala cha kuchora. Wapo pia wanaoona jambo moja dogo njiani na kazi ya mwezi mzima ikazaliwa papo hapo. Naamini tofauti haiko katika uzuri wa mahali, bali katika namna ya kutazama, na katika swali ambalo mtu amelibeba kichwani kabla hajafunga mlango. Kwa hiyo naomba kila atakayechangia aeleze aliona au alisikia nini hasa, kikawa kazi gani, na alifanya nini katikati. Kwamba maumbile ni mazuri, hilo sote tunalijua.

Nianze na yangu. Swali lililokuwa likinisumbua lilikuwa la umbali: nitamfanyaje mtazamaji aone kwamba kilima kimoja kiko nyuma ya kingine bila kukizungushia mstari? Jumamosi moja niliketi mahali palipokuwa na safu ya vilima, nikakataa kuchora chochote mpaka niwe nimevitazama kimoja kimoja. Cha karibu kilikuwa cha kijani, na miti yake ilionekana mmojammoja. Cha pili kilikuwa kimefifia, kijani chake kikaelekea kijivu. Cha mwisho kilikuwa cha buluu hafifu, karibu sawa na anga. Sababu yake inajulikana: hewa iliyopo kati ya jicho na kilima huutawanya mwanga wa jua, na huitawanya buluu zaidi kuliko nyekundu, hivyo kadiri hewa inavyokuwa nyingi ndivyo buluu inavyoongezeka na tofauti kati ya giza na mwanga inavyopungua. Tangu hapo huanzia nyuma ya picha kwa buluu nyepesi kabisa, nikaiacha ikauke, kisha nikasogea mbele tabaka kwa tabaka, na rangi za moto (kama nyekundu na njano) na giza lenyewe nikaziweka karibu na mtazamaji tu.

Jambo la pili nililipata chini ya mti ninaoupitia kila siku. Vile vidoa vya mwanga vinavyoanguka ardhini kupitia majani ni vya mviringo hata pale ambapo matundu kati ya majani yana pembe, kwa kuwa kila kidoa ni taswira ya jua lenyewe. Jua likipatwa kwa sehemu, vidoa vyote hugeuka kuwa hilali. Mchoraji akilijua hilo hawezi tena kuchora kivuli cha mti kwa kutapanya madoa ovyo. Claude Monet, mchoraji wa Ufaransa, alipochora marundo yake ya nyasi mwaka 1890 na 1891, alibadilisha turubai (kitambaa cha kuchorea) kila mwanga ulipobadilika, na marundo yenyewe yalikuwa jirani kabisa na nyumba yake. Mahali palepale, saa tofauti: kwangu mimi huo ndio msingi, na ndiyo maana sioni kwamba mtu anahitaji safari ndefu.

Karibuni.

Mchangiaji (mtunzi wa mashairi)

Ahsante, ndugu mchoraji, kwa kuiweka mada vizuri. Kwetu watunzi miguu ina kazi yake. Shairi la kawaida lina mishororo yenye vipande viwili, na kila kipande kina mizani (silabi) nane. Nami nikitembea kwa mwendo usiobadilika, hatua nane hunipa kipande kizima bila kuhesabu kwa vidole. Mstari unaokwama mezani hujinyoosha njiani, kwa sababu mwili unausikia upungufu wa mzani mmoja kabla akili haijautambua. Nawashauri watunzi wachanga waghani kwa sauti ya chini huku wakitembea, wala wasione haya.

Lakini umeuliza niliona nini hasa. Nilikuwa nimebeba kichwani shairi kuhusu familia inayobeba mzigo pamoja, na kila nilichoandika kilikuwa hotuba. Asubuhi moja, nikiwa nimechutama kufunga kamba za viatu, niliwaona sisimizi wakiburuta bawa la panzi. Bawa lilikuwa limesimama wima, na kila upepo ulipovuma liliwavuta wote upande mmoja kama tanga linavyovuta mtumbwi. Wengine walikuwa wakivuta mbele, wengine wakivuta nyuma, na mmoja alikuwa amening'inia juu ya bawa lenyewe, akiongeza uzito badala ya kuupunguza. Safari iliendelea hata hivyo, kwa kuyumba, kwa kurudi nyuma, kwa kuzunguka kijiti ambacho wangeweza kukiruka. Nilikaa palepale mpaka walipoliingiza shimoni.

Yule aliyening'inia juu ndiye aliyeniokoa. Kila familia ina mtu wa namna hiyo, naye pia hufika. Shairi lilipata ubeti wake wa katikati, na hotuba yote nikaifuta. Nililofanya katikati ni kuandika jioni ileile nilichokiona pekee, bila neno lolote kuhusu familia, na kukiacha mpaka siku iliyofuata. Ukiharakisha kuweka maana, unaipoteza picha.

Mchangiaji (mpiga ngoma na mtunzi wa muziki)

Nakubaliana na mengi ila hili la kutoka na swali sikubaliani nalo kikamilifu. Mimi hutoka mtupu. Nikiwa na wazo la wimbo kichwani husikia wimbo wangu tu, wala siwezi kusikia kingine.

Mfano wangu ni wa nyumbani. Mvua ilikuwa imekatika na maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye ukingo wa paa mahali pawili, upande mmoja yakiangukia beseni, upande mwingine yakiangukia jiwe. La beseni lilikuwa na sauti nzito, la jiwe lilikuwa kavu. Nilianza kuyafuatisha kwa mikono mapajani, nikagundua kwamba kila jiwe lilipopigwa mara mbili, beseni lilipigwa mara tatu, kisha yote mawili yakaangukia pamoja na kuanza upya. Mapigo matatu juu ya mawili yamo katika muziki wa ngoma tangu zamani, kwa hiyo sidai nimeyabuni. Kilichokuwa kipya kwangu ni kwamba kadiri maji yalivyopungua, tone la beseni lilianza kuchelewa kidogo kidogo, na mapigo yakateleza yakaachana. Kule kuteleza ndiko nilikokuwa sijawahi kukipiga. Nilikirekodi kwa simu, nikajifunza kukiiga, na sasa ni mwisho wa kipande ambacho kikundi chetu hukipiga: ngoma ndogo inachelewa mpaka inaiacha kubwa peke yake.

Beethoven, mtunzi wa muziki wa Ujerumani, alitembea mashambani akiwa na madaftari ya kunukuu mawazo ya muziki, na katika simfonia yake ya sita, iliyopigwa hadharani kwa mara ya kwanza Vienna mwaka 1808, sehemu ya pili inakaribia mwisho kwa sauti za ndege watatu zinazoigwa na ala tatu za kupuliza: filimbi, obo na klarineti. Ninachokipenda hapo ni lile daftari. Sauti haikai kichwani. Ukifika nyumbani umeshaibadilisha iwe kitu unachokijua tayari.

Mchangiaji (fundi mitambo)

Naomba niwatetee wanaotoka na swali, kwa heshima zote kwa kaka mpiga ngoma. Kubuni mashine nako ni ubunifu, na katika fani yetu historia iko upande wa mwanzisha mada. James Watt alikuwa amehangaika muda mrefu na injini ya mvuke iliyopoteza joto kwa sababu silinda ileile ilipashwa moto na kupozwa kila mpigo. Jawabu la kuupozea mvuke katika chombo cha pembeni lilimjia Jumapili moja ya mwaka 1765, akitembea katika uwanja wa wazi mjini Glasgow. William Rowan Hamilton, mwanahisabati wa Ireland, naye, tarehe 16 Oktoba 1843, alikuwa akitembea na mkewe kando ya mfereji mjini Dublin pale fumbo la hesabu alilolibeba kwa miaka lilipofunguka, akaichonga kanuni yake papo hapo kwenye jiwe la daraja. Maelfu ya watu walipita njia hizo, lakini waliokuwa na fumbo ni hao.

Langu ni dogo. Nilikuwa natengeneza sanduku la kumiminia nafaka kwenye mashine, na lilikuwa na tabia ya ajabu: mchana nafaka ilishuka yenyewe, asubuhi iligoma. Mwisho wa wiki nikaenda na watoto kando ya mto. Walikuwa wakichimba ukingoni, na nikaona mchanga mkavu wa juu ukiporomoka kwa kuguswa tu, daima ukitulia katika mwinamo uleule, ilhali mchanga wenye unyevu hatua chache pembeni ulisimama wima kama walivyoukata. Maji kidogo kati ya chembe huzishikisha. Nafaka yangu ilikuwa ikipata unyevu wa usiku! Nililitia sanduku kifuniko, nikazisimamisha kuta zake ziwe na mteremko mkali zaidi, na kugoma kukaisha.

Niongeze jambo kwa wanaopenda ushahidi. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marily Oppezzo na Daniel Schwartz, walichapisha majaribio yanayoonyesha kwamba watu wakitembea hutoa mawazo mapya zaidi kuliko wakiwa wameketi, kwa wastani wa asilimia 60 hivi. Hata waliotembea juu ya mashine ndani ya chumba, wakikabili ukuta mtupu, walifaidika. Lakini katika mtihani uliotaka jibu moja sahihi, kutembea hakukuwasaidia. Ndiyo maana mimi hutembea ili kupata njia nyingi, kisha huketi ili kuchagua moja.

Mwanzisha mada

Hapo umenifungua macho, fundi. Kumbe labda wewe na mpiga ngoma hamgombani: yeye anazungumzia kukusanya, wewe unazungumzia kutatua. Hata hivyo bado nasimama kwamba mpiga ngoma hakutoka mtupu kama anavyosema. Mtu asiye na miaka ya ngoma mikononi asingesikia mapigo matatu juu ya mawili, angesikia maji tu.

Mchangiaji (mshonaji na mbunifu wa mavazi)

Mimi nawaalika mtazame majani yanapochipua. Jani kubwa haliwezi kukua likiwa limetandazwa ndani ya chipukizi, linakunjwa. Mengine hujiviringa, mengine, kama ya michikichi, hukunjwa mkunjo juu ya mkunjo kama marinda, na yakifunguka mikunjo hubaki na kulipa jani nguvu ya kusimama. Nilichukua chipukizi moja lililoanguka, nikalifungua taratibu kwa pini mezani. Mikunjo haikuwa na upana sawa: karibu na shina ilikuwa myembamba, ikapanuka kuelekea ncha. Nikashona sketi kwa mpango huohuo, marinda membamba kiunoni yanayopanuka kuelekea pindo, na kitambaa kikasimama chenyewe bila kuwekewa bitana ngumu.

Sisi mafundi wa nguo tuna deni jingine kwa matembezi. Mhandisi wa Uswisi, Georges de Mestral, alirudi kutoka matembezini mwaka 1941 na mbwa wake, mbegu zimewanasa kwenye nguo na manyoya. Aliziweka chini ya hadubini, akaona vikulabu vidogo mno vilivyoshika vitanzi vya uzi, na baada ya miaka mingi ya majaribio tukapata kifungo kinachoitwa Velcro. Kila mtu huzing'oa mbegu hizo na kuzitupa.

Mchangiaji (mwandishi wa hadithi za watoto)

Nimesoma yote kwa hamu, ingawa matembezi ya mwisho wa wiki mimi sina. Namuuguza mama, na dunia yangu kwa sasa ni chumba chenye dirisha moja. Naandika ili wenzangu walio katika hali kama yangu wasijione wamefungiwa nje ya mada.

Leonardo da Vinci aliwashauri wachoraji wazitazame kuta zenye madoa, kwa kuwa humo wangeona milima, mito, vita na nyuso. Ukuta wetu una doa la unyevu, na mama ndiye aliyeliona kwanza kuwa mzee mwenye mzigo. Kivuli cha nondo za dirisha nacho hutambaa sakafuni kila alasiri mpaka kikafika mguu wa kitanda, wakati ambao kwa kawaida mama huamka. Hadithi ninayoiandika ina mzee anayeishi ukutani na kuvuka sakafu kila siku kwa kukanyaga vivuli tu, kwa kuwa penye mwanga atafutika. Majira yanapobadilika, jua hushuka na njia ya mzee hurefuka, kwa hiyo hadithi ina kalenda iliyotokana na sakafu yenyewe. Mama huniuliza kila jioni mzee amefika wapi, nami humwandikia hatua inayofuata.

Nina swali kwa dada mshonaji na ndugu mchoraji: rangi ya mwanga wa alasiri inabadilika upesi, nami sijui kuchora. Mnaihifadhije?

Mshonaji na mbunifu wa mavazi

Dada, pole kwa kuuguza, na hongera kwa huyo mzee wa ukutani. Mimi hutumia nyuzi. Nina kopo la mabaki ya nyuzi za rangi zote. Nikiona rangi ninayoitaka, hutafuta uzi unaokaribiana nayo, nikiushika pale pale penye mwanga huohuo, kisha naukata na kuubandika daftarini pamoja na saa na mahali. Rangi moja mara nyingi inahitaji nyuzi mbili au tatu zilizosokotwa pamoja. Kwa sakafu yako ningeanza na nyuzi tatu tu: ya sehemu yenye mwanga, ya kivuli, na ya ule ukingo kati yao, ambao ukitazama vizuri utakuta una rangi yake peke yake.