Mrejesho: leseni ya Minnesota kwenye harusi ya Milwaukee

Habari zenu wakuu. Niliuliza kama leseni ya udereva ya jimbo la Minnesota inatambulika jimbo la Wisconsin kama kitambulisho cha umri wa kununua pombe, maana nilikuwa naenda harusini Milwaukee na wadogo zangu wawili, mmoja ana miaka 21, mwingine 19. Asanteni sana kwa majibu.

Leseni imekubalika. Ya huyu mkubwa bado ni ile ya wima, wanayopewa walio chini ya miaka 21, basi mhudumu wa kaunta akaimulika kwa tochi, akapitisha kidole kwenye kingo, akasoma tarehe ya kuzaliwa mara mbili ndipo akamhudumia. Pasipoti alikuwa nayo mfukoni. Haikuhitajika, lakini bado nashauri mtu aibebe.

Umri wa kununua pombe ni 21 majimbo yote ya Marekani. Sheria ya 1984 inalikata fedha za barabara kuu jimbo linaloruhusu chini ya hapo. Ila Wisconsin wana lao: kijana anaweza kuhudumiwa akiwa na mzazi, mlezi wa kisheria au mwenzi wa ndoa aliyetimiza umri. Kaka hahesabiki, kwa hiyo wa 19 alikunywa soda. Mzazi anayetaka kuitumia ruhusa hiyo aulize kwanza, baa ina haki ya kukataa.