Gumzo la familia: mahindi matamu kwenye udongo wa kichanga

Shangazi: Hamjambo wanangu. Mahindi yangu matamu yamefika magotini, sasa yanageuka njano. Maji nayapa asubuhi, jioni mchanga mkavu kana kwamba sijagusa.

Rehema: Shikamoo Shangazi. Njano imeanzia majani ya chini au ya juu?

Shangazi: Marahaba. Ya chini. Inaanzia nchani, halafu inafuata ule mshipa wa katikati, kama V.

Rehema: Hiyo njaa ya naitrojeni, chakula kinachoyapa majani ukijani. Ingekuwa kiu, jani lingejikunja kwanza.

Baba Mdogo: Dada, kwenye kichanga maji yakishuka yanashuka na chakula. Ukimwaga mbolea yote siku moja, mvua kubwa ya kwanza inaondoka nayo. Yape kidogo sasa, kidogo tena kabla mbelewele, yale maua ya kileleni, hazijatoka.

Juma: Aletewe udongo wa mfinyanzi achanganye, yaishe 😂

Baba Mdogo: Unajua ni matoroli mangapi hayo? Na ukishayamwaga yanabaki mabonge. Mboji, yaani majani na samadi vilivyooza, ndiyo inayoshika maji na chakula pamoja.

Shangazi: Samadi ya kuku ninayo, imetoka bandani jana.

Bibi: Usithubutu mwanangu!! Mbichi inaunguza mizizi. Ilundike, uwe unailowesha na kuigeuza, mpaka ukitia mkono katikati usikute joto wala ile harufu ya kuchoma pua.

Rehema: Bibi kamaliza. Kwa haya yaliyosimama Shangazi, tafuta samadi iliyokwisha kuoza, izungushe kando ya mashina, usiyaguse. Mwagilia, kisha funika kwa nyasi kavu. Jua lisipopiga mchanga moja kwa moja, unyevu unakaa.

Juma: Na maranda je? Yamejaa huku, bure.

Rehema: Juu kama matandazo, sawa. Kuyachimbia hapana. Vijidudu vinavyoyaozesha vitanyang'anyana na mahindi naitrojeni hiyohiyo iliyopungua.

Shangazi: Na msimu ujao?

Baba Mdogo: Kabla ya kupanda tandaza mboji unene wa sentimita 5 hadi 10, ichanganye na udongo wa juu, sentimita 15 hadi 20. Na usidhani ni kazi ya mara moja. Kwenye joto, mboji ndani ya mchanga inaliwa haraka, kwa hiyo kila msimu unaongeza. Shamba likipumzika panda kunde au marejea (mmea wa kurutubisha udongo), ukate yakianza maua, uyafukie, usubiri wiki 2 au 3 ndipo upande.

Juma: Kunde afukie?? Si ni mboga hizo 😭

Bibi: Chuma majani machache, mengine uache udongo ule.

Rehema: Shangazi, kipindi cha mbelewele na ndevu ndicho usicheze nacho. Maji yakikatika hapo, unakuja kumenya gunzi lenye mapengo. Kumwagilia kidogo kila siku kwenye mchanga ni bora kuliko kufurisha mara moja kwa wiki.

Shangazi: Nimeelewa. Kuna lundo kuukuu la samadi ya ng'ombe kwa jirani, alisema nichukue. Juma, Jumamosi njoo na toroli.

Juma: 😩 Saa ngapi?

Bibi: Alfajiri, kabla ya jua.

Juma: Bibi, mimi niliuliza maranda tu