Ushauri: Toyota IST inakula oili, fundi anataka nibadilishe injini. Na hivi injini yenyewe ni 1NZ au 2NZ?

Mvuvi wa Sahare
Wakuu, habari za jioni. Niko Tanga mjini. Mwezi wa tatu nilinunua IST kwa mtu, akaniapia kuwa injini ni ya lita 1.5, moto wa kuotea mbali. Kadi inasema cc 1290. Nikanyamaza, bei ilikuwa tamu.

Sasa kila wiki mbili naongeza oili karibu lita nzima. Asubuhi nikiwasha inatetemeka kama ina homa, baada ya dakika moja inatulia. Juzi tulikwenda msibani Lushoto, watu wanne. Kuanzia Mombo kupanda mlima nilizima AC na bado Noah iliyojaa abiria ikanipita.

Fundi amesikiliza mlio tu, akasema injini imekufa, nitafute 1NZ ya mtumba. Plagi hata moja hajafungua. Naombeni ushauri, hela yenyewe ya mawazo.

Kijana wa Duga
Oili yako imekuwa waja leo waondoka leo 😂

Spana 14
Mkuu, kwanza jua unamiliki nini. Fungua boneti, tafuta kibati cha aluminiamu chenye modeli. Mara nyingi kiko kwenye ukuta wa nyuma ya injini. Kama hakipo, angalia nguzo ya mlango. Ukikuta NCP60, gari lilitoka Japani na 2NZ-FE, cc 1298. NCP61 ni 1NZ-FE, cc 1496. Ile N ya mwanzo ndiyo inayokuambia ni ukoo wa NZ. Vitz ndogo ya SCP10 ina S, yaani 1SZ ya cc 997.

Ila kibati kinasema gari lilizaliwa na nini, hakisemi limebeba nini leo. Kwa hiyo shika tochi na kitambaa, futa uchafu kwenye bloku upande wa giaboksi, usome namba iliyogongwa pale. Kwa macho tu huwezi kuzitofautisha. Silinda zote zina upana wa milimita 75. Tofauti ni mwendo wa pistoni, 84.7 kwa 1NZ na 73.5 kwa 2NZ. Aliyekuuzia huenda hakudanganya, huenda naye aliuziwa maneno.

Halafu chomoa koili nne, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi, na plagi nne, uzipange mezani kwa mpangilio wake. Tuma picha.

Mzee wa Peugeot
Vijana mnapenda kuzungusha maneno. Weka oili namba 40, nzito, haitaliwa tena. Mimi naendesha tangu enzi za 504.

Spana 14
Shikamoo mzee. Kwa 504 nakubali. Hizi NZ zina cheni ya taimingi badala ya mkanda, na kinachoikaza cheni kinasukumwa na presha ya oili. VVT-i, mfumo unaobadili muda wa kufunguka valvu, nayo inafanya kazi kwa oili inayopita kwenye vitundu vyembamba na kichujio kidogo cha wavu. Ukiweka nzito, asubuhi inachelewa kufika juu, cheni inagonga. 5W-30 ndiyo yake, na usivushe kilomita 5,000 kwa hizi foleni na vumbi letu.

Mzee wa Peugeot
Marahaba. Lakini 40 haijawahi kuniangusha.

Mama Vitz
Kaka, muulize huyo fundi kama themostati, ile valvu ya maji ya kupozea injini, ipo. Yangu waliing'oa "isichemshe". Ile taa ya buluu ya baridi ikawa haizimi mpaka nakaribia Muheza, na mafuta yakawa yanakwisha kama nimetoboa tangi. Kompyuta ikiona injini baridi inaendelea kumwaga petroli. Nimerudisha themostati na kulanti (maji maalumu ya rejeta), nimepumzika. Maji ya kisima msiweke kabisa, bloku hizi ni aluminiamu, zinaliwa ndani kwa ndani.

Mvuvi wa Sahare
Nimerudi wadau. Kibati NCP60. Bloku imegongwa 2NZ. Kumbe kadi ndiyo ilikuwa mkweli.

Plagi: tatu zina rangi ya kahawia kavu. Ya nne, upande wa giaboksi, nilipochomoa koili ilitoka inachuruzika oili, raba yake imevimba na kulainika kama dagaa aliyelala kwenye maji. Kisima cha plagi, yaani shimo inamokaa, kimejaa oili karibu nusu. Moshi wa bluu, ule wa oili kuungua, sijauona, hata nilipomwambia mdogo wangu akanyage mafuta nikiwa nyuma.

Spana 14
Basi mtetemo wako wa asubuhi ni huo hapo. Gasketi ya kifuniko cha juu imekauka, oili inashuka kwenye kisima, moto wa koili unavuja, silinda moja inamisi, haichomi vizuri. Silinda tatu kupanda Lushoto na watu wanne, hata mimi ningepitwa.

Badilisha gasketi hiyo pamoja na raba za visima, plagi nne, na raba ya koili ya nne. Vuta pia valvu ya PCV, ile inayopumulia injini, ipulize: kutoka upande wa injini hewa ipite kwa urahisi, upande wa pili iwe ngumu. Ikiziba, presha inajaa ndani na kusukuma oili nje kwenye kila gasketi. Kisha jaza oili hadi alama ya juu, andika kilomita, pima tena ukifika 1,000. Ikiendelea kupungua bila kuvuja popote, hapo ndipo tuzungumzie ringi za pistoni.

Ikifika huko kwenye mtumba, soma namba kabla ya kutoa hela. Ukikuta 1NZ-FXE iache, hiyo ni ya Prius, mgandamizo wake ni mwingine. Na ukiweka injini nyingine yoyote, namba kwenye kadi ibadilishwe TRA (Mamlaka ya Mapato), usije ukakwama siku ya kuuza.

Mvuvi wa Sahare
Kazi imefanyika jana, kwa fundi mwingine. Asubuhi ya leo imewaka kimya mpaka nikadhani imezima. PCV ilikuwa imeganda kabisa. Nimeandika kilomita kwa kalamu juu ya stika ya oili.

Yule fundi wa kwanza amepiga simu mara mbili, anasema injini tayari ameshaipata na mwenye nayo anataka advansi. Sijapokea ya tatu.