Kitovu cha poligoni isiyo sare ni nukta ipi?

Mpenda Maumbo:

Ndugu zangu, naomba ufafanuzi wa jambo ambalo mafunzo mengi ya jometri hulipita haraka. Kwa poligoni sare, yaani ile yenye pande zote sawa na pembe zote sawa, kitovu hakina utata: ni nukta iliyo na umbali mmoja kutoka kila kipeo, na mistari inayoiunganisha na vipeo hugawanya nyuzi 360 katika pembe zinazolingana, hivyo pembesita sare ina nyuzi 60 kitovuni kwa kila upande.

Sasa nimechora umbo la pande nne lenye vipeo A(0, 0), B(6, 0), C(3, 3) na D(0, 3). Mishazari yake inakatana kwenye (2, 2), lakini nikitafuta wastani wa namba za x na wastani wa namba za y za vipeo vyote ninapata (2.25, 1.5). Ni nukta ipi kati ya hizi inayostahili kuitwa kitovu? Na je, kanuni ya jumla ya pembe za ndani, ambayo huthibitishwa kwa kuunganisha kitovu na vipeo, inasimamaje ikiwa kitovu chenyewe hakijulikani?

Hoja Kwanza:

Ndugu, nianze na swali la pili, kwa kuwa uthibitisho huo hauhitaji kitovu hata kidogo. Chukua nukta yoyote iliyo ndani ya poligoni ambayo haijabonyea popote, iunganishe na vipeo vyote, nawe utapata pembetatu nyingi kama zilivyo pande. Pande zikiwa n, pembe za pembetatu hizo kwa pamoja ni nyuzi n × 180. Ukiondoa nyuzi 360 zinazoizunguka nukta yako, ambazo si sehemu ya pembe za poligoni, zinabaki (n − 2) × 180. Ukiisogeza nukta, pembe zinazoizunguka hubadilika moja moja, ila jumla yake haitikisiki. Umbo lako lenyewe linashuhudia: pembe za A, B, C na D ni nyuzi 90, 45, 135 na 90, ambazo jumla yake ni 360.

Kinachopotea umbo lisipokuwa sare ni ruhusa ya kugawanya 360 kwa n. Kwenye nukta yako (2, 2), pembe nne zinazoizunguka si za nyuzi 90 kila moja, bali mbili ni takriban 71.6 na mbili ni takriban 108.4.

Umbo likiwa limebonyea ndani, huenda isipatikane nukta ambayo mistari yake hufika kwenye vipeo vyote bila kuvuka upande wowote. Hapo ni salama zaidi kulikata kwa mishazari inayopita ndani yake, na kila mara zitapatikana pembetatu n − 2.

Mchora Duara:

Naongezea kuhusu swali la kwanza. Neno kitovu linabeba sifa kadhaa ambazo katika poligoni sare hukutana kwenye nukta moja, na kwa sababu hukutana tunazoea kuzidhani kuwa ni sifa moja. Umbo lisipokuwa sare hutawanyika.

Sifa ya kwanza ni wastani wa vipeo, ambao umeupata. Ya pili ni kitovu cha eneo, yaani pale ambapo kipande cha kadibodi chenye umbo hilo kingetulia bila kuinama kikiwekwa juu ya ncha ya penseli. Umbo lako ni mraba wenye eneo 9, ambao kitovu chake ni (1.5, 1.5), ukiunganishwa na pembetatu yenye eneo 4.5, ambayo kitovu chake cha eneo ni (4, 1). Ukipima wastani wa nukta hizo mbili kwa uzito wa maeneo yake, unapata takriban (2.33, 1.33), ambayo ni nukta ya tatu, tofauti na zako zote mbili.

Kisha kuna vitovu vya maduara, na hapa ndipo pembe zinapotoa hukumu. Duara linaweza kupita kwenye vipeo vyote vinne endapo tu pembe zinazokabiliana zina jumla ya nyuzi 180. A na C zina 225, basi duara hilo halipo. Duara la kugusa pande zote kwa ndani nalo hudai kwamba jumla za pande zinazokabiliana zilingane, ilhali AB na CD zina jumla ya 9, na BC na DA takriban 7.24. Umbo lako, basi, halina kitovu cha aina yoyote kati ya hizo mbili.

Makutano ya mishazari mimi nisingeyaita kitovu kamwe. Hata katika pembetano sare mishazari haipiti kitovuni; huacha pembetano ndogo katikati.

Mpenda Maumbo:

Nashukuru sana. Je, pembetatu inasalimika, kwa kuwa yenyewe ina maduara yote mawili daima?

Hoja Kwanza:

Haisalimiki. Chukua pembetatu yenye vipeo (0, 0), (4, 0) na (0, 3). Kitovu cha duara la nje ni (2, 1.5), katikati ya upande mrefu, cha duara la ndani ni (1, 1), na cha eneo ni takriban (1.33, 1).

Vitovu viwili vya maduara vikiangukia nukta moja, pembetatu ni lazima iwe na pande sawa. Mistari kutoka nukta hiyo hadi vipeo ina urefu mmoja, kwa hiyo kila upande wa pembetatu unakuwa kitako cha pembetatu ndogo yenye pembe mbili sawa. Na kwa kuwa mistari hiyohiyo inagawanya kila pembe ya kipeo katika nusu mbili zinazolingana, nusu zote sita ni sawa, na kila moja ni nyuzi 30.