Tupeane uzoefu: ulimpataje babu wa babu yako?

Mwana wa Chake: Asalaam aleikum. Jana kwenye hitma mtoto kaniuliza mama yake babu akiitwa nani. Nyumba nzima kimya. Wanaume twawataja bin fulani bin fulani mpaka wa saba, wanawake hakuna hata mmoja. Nani keshawahi kutafuta?

Mkoani Juu: Waaleikum salaam. Kwetu hivyohivyo.

Kijana wa Jang'ombe: Umenigusa pabovu. Mie nilikwenda Nyaraka, pale zinapowekwa karatasi za zamani za serikali, Kilimani, Unguja, na jina moja tu mkononi. Nikaulizwa, "Bin nani? Wa shamba gani?" Sina. Majina kama Mabruki na Farahani yamejaa tele mle. Nikapanda boti kurudi Pemba kwa shangazi, akanitajia shamba la mikarafuu nje ya Wete. Nikarudi tena. Siku ya tatu nikalikuta kwenye daftari la watumwa walioachwa huru baada ya amri ya 1897 ya kuondoa utumwa: jina lake, kabila Mnyasa, kisha jina la bwana wake. Na jina la bwana ndilo hilo tunaloliita la babu yetu mkubwa! Sisi tumekuzwa tukiambiwa asili yetu Omani. Nilinakili kwa penseli, mkono unatetemeka. Baba aliisoma ile karatasi, akaikunja mara nne, akaitia chini ya mswala. Hakusema nami mpaka Idi.

Mkoani Juu: Subhanallah.

Mzee Kitope: Mwanangu, umemvunjia heshima mzee wako. Mambo mengine huachwa yalale.

Kijana wa Jang'ombe: Shikamoo mzee. Kwani nilichokikuta ni uongo?

Mzee Kitope: Marahaba. Sikusema uongo. Wajukuu wataoa wapi?

Binti Mkunazini: Mzee wangu, samahani. Ile amri ya 1897 ya Sultani wetu, Sayyid Hamoud, haikumfungulia mtu mlangoni kwake. Mtumwa alikwenda mwenyewe mahakamani kuudai uhuru wake. Babu huyo alitoka shamba kwa miguu, akasimama mbele ya wakubwa, akataka karatasi. Leo sisi tumwonee haya?

Mkoani Juu: Hapo umenena.

Binti Mkunazini: Na wewe Mwana wa Chake, kama bibi yenu alikuwa suria, yaani mjakazi aliyewekwa na bwana wake kama mke, usishangae kumkosa humo. Masuria waliachwa nje ya amri ile mpaka 1909. Tafuta karatasi za mirathi kwa kadhi, na za wakfu. Nyingi ni kwa hati za Kiarabu, nenda na anayezisoma.

Mama Vitongoji: Karatasi baadaye! Anza na vikongwe. Bibi yangu nilimwahidi "kesho nitakuja niandike". Kesho yake tukamzika.

Kijana wa Jang'ombe: Mie naona bora karatasi kwanza, ujue la kuuliza. Shangazi alinitajia shamba tu, mengine alinificha mpaka nilipomwonesha karatasi.

Mwana wa Chake: Nimeshampigia simu bi mkubwa mmoja Ziwani. Kasema jina analo, nimpelekee tambuu. Alfajiri naondoka.