Sindano ndani ya mfuko mweusi: nyie mnawaambiaje wakubwa wenu?

Mfagizi_Tukuyu:
Habari za jioni. Nafanya usafi kituo cha afya huku Rungwe, mwaka wa sita sasa. Jumatatu asubuhi nimebeba mfuko mweusi, ule wa maganda ya ndizi na makaratasi, unanigonga paja kama siku zote. Nikahisi siafu. Kumbe sindano, imetoboa mfuko na suruali. Glavu nzito nilivaa, lakini nani anavaa glavu pajani?

Mweusi hautakiwi kuwa hata na pamba ya damu. Hiyo ni mfuko wa njano, kondo la nyuma mwekundu, sindano sefti boksi, lile boksi gumu lisilotoboka. Bango la rangi lipo ukutani mpaka limepauka. Ila boksi lenyewe liko mezani kwa sista, mlangoni. Mtu kachoma mgonjwa wa kitanda cha mwisho, kule dirishani, arudi wodi nzima na sindano mkononi? Anaiweka kwenye trei, trei inamwagwa ndoo ya karibu. Nikisema naambiwa "wewe fagia".

Sista_Mafinga:
Pole kaka. Wewe kwanza. Ulinawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, hukukamua? PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya ajali, umeanza? Leo Jumatano, saa 72 hazijapita. Dawa ni siku 28, usikatishe. Mimi naogopa zaidi homa ya ini B, kwa asiyechanjwa inapita kwenye sindano kirahisi kuliko VVU. Umechanja?

Boksi sisi tunalo kwenye toroli la dawa, linatembea kitanda kwa kitanda. Likijaa robo tatu linafungwa, hakuna kushindilia.

Maabara_Iringa:
Kamwene. Toroli sawa, ila na boksi ziwepo stoo. Zikiisha watu wanakata chupa za maji wazitumie kama boksi. Halafu ajali yako iandikwe kwenye daftari, tarehe, wodi na rangi ya mfuko. Ukisema kwa mdomo tu, mwezi ujao watakuuliza sindano gani.

Mfagizi_Tukuyu:
Dawa nilianza jioni ile ile, kichefuchefu hakina mfano. Chanjo nilipata moja kati ya tatu, ya pili ikaangukia siku ya zamu. Kesho naifuata, na daftari nitaliomba. Toroli tunalo, sista, ila linabeba chai ya madaktari. Ndaga fijo, asanteni sana.